Namba Nilizomtumia Daktari

Mhudumu wa afya wa kijiji chetu anaimba kwaya kanisani kwetu, na hilo ndilo lililotutia shaka. Alipoanza kutembea na simu ya serikali, akiuliza nani ana sukari na nani ana presha, mama mkwe wangu alimwangalia vile anavyomwangalia karani anayepima majani ya chai. Aliniambia ukimweleza huyo ugonjwa wako Ijumaa, Jumapili umeshakuwa ombi la kanisa zima. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe sikuiamini simu ile. Kitu kiandike jina la mtu na maradhi yake, halafu kinyamaze?

Siku moja mhudumu alituachia mashine ya presha kwa wiki nzima. Tumpime mama mkwe asubuhi na jioni, kisha mimi nitume namba kwa simu yangu, zimfikie mhudumu na daktari wa zahanati.

"Kogo, mficha maradhi, kifo humuumbua," mhudumu alimwambia mama mkwe akiaga, akimwita nyanya kwa lugha yetu.

"Sawa, tutapima," mama mkwe akajibu, kwa upole ambao si wake kabisa.

Mhudumu alipopita geti tu, akanigeukia. "Leta mkono yako."

Kwetu, mke wa mwana hamwambii mama mkwe hapana. Nikaleta mkono. Asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani, jioni baada ya kukamua, mashine ilinibana mimi na namba zikaenda kwa jina lake. Zilikuwa namba nzuri. Nakiri nilifurahi kidogo, nikaona tumewaweza.

Wiki mbili baadaye alianguka katikati ya michai, kikapu mgongoni. Alipoinuka akasema ni jua, na siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Kichwa kilimuuma mpaka akatapika. Nilimpeleka zahanati akinung'unika njia nzima.

Daktari alifungua simu yake, akasoma, akatabasamu. "Kogo, presha yako ni poa kuliko yangu. Hii ni uchovu tu. Nitakupea dawa ya kichwa, uende upumzike."

Mama mkwe akanitazama. Jicho lile nalijua: nyamaza. Lakini nilimwona akishika ukingo wa meza asianguke, nikaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa yeye.

"Hizo namba ni zangu," nikasema. "Huyu hajapimwa hata siku moja."

Daktari akaacha kuandika. Alimfunga mashine mwenyewe, akapima, akahamia mkono wa pili, akapima tena. Akatoka mbio kuitisha gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya Kaplong.

Tukabaki wawili. Nilitaka kumwomba msamaha, nisijue ni kwa kusema au kwa kuchelewa kusema. Alikuwa amelala chali, anatazama dari.

"Hiyo simu nilijua itanisema," akaniambia. "Wewe ndio sikujua."