Mkoromo wa Modeste Waingia Sokoni

Joviale Nabintu alikuwa ameolewa na mkoromo kwa miaka kumi na tisa. Ni kweli kwamba mkoromo huo ulikuja pamoja na mwanamume, tena mwenye heshima zake: Modeste, msimamizi wa nidhamu katika shule moja ya sekondari huko Ibanda, mjini Bukavu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa hata msimu wa matope. Lakini Modeste akishafumba macho, heshima ilitoka ndani ya nyumba, na watoto wakavuta blanketi masikioni.

Joviale mwenyewe alikuwa na kibanda cha mbao karibu na chuo kikuu, chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Wanafunzi walimletea kazi zao za mwisho wa masomo azipige chapa, naye akawarekebishia Kifaransa papo hapo, maana aliona aibu kuweka jina la kibanda chake chini ya makosa yale. Jumapili aliimba kwaya. Nyimbo za kwaya zikimchosha, alitunga za kwake, na hizo hazikuwa za kupeleka kanisani.

Jumapili moja, baada ya misa na sahani kubwa ya bugali na visamaki vya sambaza, Modeste alijinyoosha kwenye kiti kirefu na mara mkoromo ukaanza. Joviale alikuwa anaosha vyombo. Akasimama, sufuria mkononi, akasikiliza kama mtu anayesikia kitu kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kupanda, kulikuwa na kubadilisha gia, kisha kimya cha kutisha, halafu ule mlio wa breki. Akachukua simu, akaiweka karibu na pua ya mume wake, akarekodi.

Kesho yake alipanda mtaa wa Kadutu kwa Destin, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa na studio ndogo iliyofunikwa kwa magodoro ya zamani. Destin alisikiliza mara tatu bila kucheka.

"Maman, hii iko na rythme," alisema. "Mupiga ngoma wangu mwenyewe hawezi hivi."

Wimbo ulipewa jina *Fuso Inashuka Ngomo*, kwa sababu kila mtu wa Bukavu anajua lori la Fuso lililojaa mihogo linavyolia kwenye miteremko ya Ngomo. Ulianza kwa mkoromo mtupu, sekunde thelathini na tatu, ndipo ngoma ikaingia na sauti ya Joviale ikiuliza ni nani aliyempa dereva huyu leseni. Destin akaupeleka kwa kampuni moja ya ng'ambo ambayo kazi yake ni kusambaza nyimbo za wasanii wasio na bosi kwenye huduma za kusikilizia muziki mtandaoni. Kwenye fomu waliandika: Joviale asilimia sabini, Destin thelathini. Mwenye pua hakuulizwa.

Ndani ya miezi miwili wimbo ulikuwa kwa wanaoendesha pikipiki, kwa wauza simu wa Nyawera, na kwa watu wa Bukavu walioko Bruxelles wanaolia wakikumbuka matope ya kwao. Ulifika pia shuleni. Asubuhi moja, bendera ikipandishwa, darasa zima la tano lilikoroma kwa pamoja, taratibu, kwa ustadi mkubwa.

Saa sita mchana Modeste akaingia kibandani, wateja wamesimama.

"Joviale. Ile sauti ya mwanzo ni ya nani?"

"Sauti gani?"

"Usinifanye mujinga. Padri mukubwa wa shule amenisikilizisha yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akatosha miwani ku macho, apanguse machozi."

Joviale akajiandaa. Alifikiri kutakuwa na kelele, labda na kuitwa kwa wajomba. Modeste akatoa karatasi mfukoni.

"Nimesoma," alisema. "Mutu akisikiliza chini ya sekunde makumi tatu, hawalipe. Akizipita, wanalipa. Sasa, sekunde trente za mwanzo ni nani anaimba pale? Weye? Wale wote wanaokimbia mbele ya kusikia sauti yako, walilipia miye. Nataka pourcentage yangu."

"Weye ulikuwa umelala!"

"Padri akisinzia mu confession, zambi zinabakia?"

Wateja wakaanza kuchukua pande. Mwanafunzi mmoja wa sheria akasema hoja ya papa Modeste ina uzito. Joviale, aliyekwisha kupiga chapa mikataba ya watu wengi kuliko mwanasheria yule mtarajiwa, aliketi akaandika mkataba wa kwao palepale: asilimia kumi na tano kwa Modeste, zitoke kwenye sehemu ya mke wake. Kabla ya kutia sahihi, Modeste alimwangalia.

"Lakini juu ya nini hukuniambia kama ninakoroma hivi?"

"Miaka kumi na tisa nakuambia. Unakuwaka umelala."

Taarifa ya kwanza ya kampuni ilifika: wimbo umesikilizwa mara 9,212, mapato dola kumi na moja na senti arobaini. Modeste alihesabu fungu lake, dola moja na senti sabini na moja, akatangaza kwamba wameibiwa. Joviale yeye alisoma masharti yote, kurasa kumi na nne, kisha akaeleza mbele ya kwaya nzima, kwa sababu kwaya nzima ilikuwa inasubiri sherehe.

"Munafikiri kila mutu akisikiliza, franka yake inakuja kwangu. Hapana. Ni kama sadaka. Pesa ya wanaolipa, na ya matangazo, inaingia mu kikapo moja. Wenye huduma wanatosha kwanza fungu yao. Inayobakia wanagawa kufuata nani amesikilizwa mingi kupita wengine. Hata kama weye Chantal ulisikiliza mukoromo ya Modeste peke yake mwezi muzima, pesa yako nyingi inaenda kwa manyota wa Kinshasa ambao haujasikiliza hata moja."

"Basi ni kama sadaka kweli," akasema Maman Chantal, mkuu wa kwaya. "Inapanda kwa askofu."

Tatizo jingine: kampuni haikutoa pesa mpaka zifike dola ishirini. Maman Chantal, mwanamke wa vitendo, akaona dawa. Kwenye sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, kulikuwa na umeme wa jua wa parokia. Akakusanya simu tisa za wanakwaya, akazichomeka ndani ya kabati la mavazi ya misa, akaziacha zicheze wimbo mchana kutwa kwa sauti ya chini. Joviale alijua. Alijua pia kwamba kifungu cha kumi na moja cha masharti kinakataza jambo hilo waziwazi. Alinyamaza, akajiambia kwamba yeye hakuchomeka simu yoyote.

Siku kumi na mbili mkoromo ulikaa kati ya kanzu za padri. Siku ya kumi na tatu, kwenye misa ya asubuhi, simu moja ikapandisha sauti yenyewe. Abbé Josué, padri wa parokia, alikuwa katikati ya mahubiri juu ya wanawali waliolala. Alisimama, akasikiliza, akamtuma sakristani akamwamshe aliyelala kule nyuma. Sakristani alirudi na simu tisa ndani ya kikapu cha sadaka.

Siku hiyohiyo barua ya kampuni ilifika: usikilizaji wa bandia, wimbo umeondolewa, pesa zimefungwa. Destin alipiga simu akiwa karibu kulia, kwa sababu nyimbo zake nyingine zilikuwa kwenye akaunti ileile. Hapo Joviale aliona aibu kwelikweli, kuliko aibu ya mbele ya padri. Alifunga kibanda mapema, akaandika kwa Kifaransa chake bora kurasa mbili bila kujitetea: tarehe, idadi ya simu, kabati. Aliomba wafute zile za kabatini, wabakize za watu wenye masikio, na wasimguse Destin.

Walijibu baada ya wiki kumi na moja. Walifuta, wakarudisha wimbo, wakaandika kwamba maelezo yake yalisomwa na ofisi nzima.

Mwisho wa mwaka akaunti ilifikisha dola ishirini na sita na kitu. Zilipitia benki ya Kamembe, ng'ambo ya mpaka, kwa Sophie, dada yake Modeste, zikakatwa huku na huku, zikavuka mto Ruzizi zikiwa ishirini na nne. Destin alipata saba na senti ishirini, Modeste tatu na sitini, Joviale zilizobaki. Walikuwa bado wamezishika mkononi Destin alipokohoa, akasema mwaka wa kwanza yeye peke yake alilipia kampuni mchango wa mwaka, dola ishirini na mbili. Mwaka unaokuja walipe wote kwa asilimia zao, la sivyo wimbo utashushwa. Wakalipa. Modeste alibaki na senti thelathini, akaomba risiti.

Mwezi wa pili Joviale alipata ujumbe kutoka kwa mwanamke wa Minova asiyemjua. Aliandika kwamba mume wake alikufa mwaka jana, naye alikuwa mkoromaji mkubwa. Tangu hapo nyumba imekuwa kimya na yeye hapati usingizi. Sasa anaweka ule mwanzo wa wimbo, anaurudia mara tatu nne, analala.

Joviale aliusoma kwa sauti. Modeste alilegeza tai. Alitazama mvua kwenye mabati ya jirani.

"Ule maman," aliuliza, "analipaka, ao anasikiliza ya bure?"

"Ya bure," Joviale akajibu, akaenda kuchochea moto wa makala jikoni.