Fowili Kwenye Lami

Pikapu ile ilikuwa ya marehemu mume wangu. Ina milango minne, na nyuma bodi ya kubebea masufuria yangu, maana mimi napika biriani za harusi. Bila gari sina kazi. Mume wangu aliiendesha jangwani huku Dubai miaka mingi nami nimekaa kando yake, kwa hiyo kusoma sikusoma, lakini gari ile naijua. Kuna gia ndogo pembeni ya ile kubwa. Ukiitia, tairi zote nne zinasukuma pamoja. Ndiyo fowili, ni ya mchangani. Ukipanda lami unaitoa, la sivyo kila kona chuma kinakula chuma.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ndiye aliyekuwa akiniendesha, na fowili alikuwa haitoi hata kwenye lami. Eti gari inashika barabara vizuri.

Nilinyamaza, na hapo nilikosea mimi. Kwetu Unguja mama mkwe hamkaripii mkwewe. Ukiwa na neno unampitishia binti. Basi wiki tatu nimekaa kiti cha nyuma nasikia gari inasagika, na mimi natazama dirishani kama mgeni.

Siku ile tulitoka Jumeirah Village Circle na chakula cha harusi, tunakwenda Al Jaddaf. Kwenye raundabauti ya kwanza gari ikarukaruka, tairi zikalia.

"Mwambie mumeo atoe fowili," nikamwambia binti.

"Mama anasema utoe fowili."

"Mwambie mama hii ndiyo salama. Kila mwenye pikapu anafanya hivi."

"Muulize hao wote wamemwambia lini."

"Mwambie mama apike biriani, usukani aniachie."

Hilo binti hakulipeleka. Halikuhitaji kupelekwa, nilikuwa nimelisikia.

Raundabauti ya pili pakagonga chini ya miguu yangu, kishindo kizito cha chuma, na mfuniko wa sufuria ukaanguka kule nyuma.

"Simamisha gari," nikasema. Miaka sita ya ndoa yao, sikuwahi kusema naye hivyo.

Akasimama pembeni. Akavuta ile gia ndogo, haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Imebana.

"Hii ilikuwa mbovu tangu zamani," akasema.

"Shuka."

"Mama, utanishusha mbele za watu?"

"Hakuna anayekujua hapa. Shuka."

Binti ana leseni, akahamia kwenye usukani. Nikamwambia arudi nyuma polepole, usukani umenyooka, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Hatua chache tu, gia ikalegea, ikatoka yenyewe. Mkwe wangu amesimama kando ya barabara anatazama.

"Panda basi, twende," mkewe akamwita.

Akasema atachukua teksi. Nikasema khalas, yameisha, achukue.

Harusini tulifika biriani ingali moto. Kesho yake fundi kule Dubai Investments Park akamwaga oili ya gia, ikatoka na chembe za chuma zinang'aa. Akanionyesha kwenye kiganja. "Mjini itakwenda, bibi. Masufuria itabeba. Lakini mchangani usiipeleke tena."

Gari iliyomaliza majangwa imeharibiwa na lami, tena na mtu mwenye macho mawili.

Sasa anaendesha binti yangu. Ananiomba nimpe mumewe nafasi nyingine, anasema amekwisha jifunza. Huenda amejifunza. Akanunue yake, akajaribie hiyo.