Benchi la Mawe Kando ya Bwawa

Severin wa Bigwa alikuwa fundi wa bustani, na msinibishie, Morogoro nzima hakuna aliyejua kupamba pembezoni mwa bwawa la kuogelea kama yeye. Wengine humwaga zege, wakabandika vigae, wakachukua chao wakaondoka. Severin alifuata mawe ya mtoni, akayapanga bila saruji, ili vimea vya kivulini viote kwenye nyufa. Ukitazama unadhani yamekuwepo hapo tangu enzi na enzi.

Ila alikuwa mwoga wa nyoka. Jamani, mtu wa bustani! Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu hajawahi kuumwa hata na siafu wa maana, na unyasi ulimshtua vilevile. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, kule Mlali, aliruka kamba ya mbuzi iliyolala majanini, akakimbia mpaka barabarani, mshenga akabaki anamalizia maneno peke yake. Watoto watatu wameshazaliwa, na ukweni bado wanacheka.

Shemeji yake Rogers, kaka wa mkewe Editha, alipochimba bwawa nyuma ya nyumba, kazi ya bustani alimpa yeye. "Shemeji, nataka mtu akikaa hapa auone mlima, asiuone ukuta wa jirani," alimwambia. Severin akainua tuta upande wa jirani, akapanda mianzi, akatandika ukoka, kisha akajenga benchi la mawe linalotazama Uluguru. Kazi ilipokwisha, Rogers akawaita ndugu waje kuona. Mama yao, Bi Felista, naye akaletwa kutoka Mlali, na fimbo yake na goti lake bovu.

Chakula kilipoiva wote waliingia ndani, isipokuwa Bi Felista, aliyesema apunge upepo kwanza. Aliketi kwenye benchi. Severin naye alikuwa amebaki ng'ambo ya bwawa akimwagilia mianzi, na wala asingesogea. Mkwe ni mkwe. Unamwamkia kwa mbali, macho chini, na kumgusa ni mwiko.

Hapo ndipo alipomwona. Swila mweusi, mnene kama mpini wa jembe, alikuwa amejikunja nyuma ya visigino vya mama mkwe, kichwa amekiingiza kwenye ufa wa benchi. Ufa wenyewe Severin aliuacha kwa makusudi, eti urembo. Bi Felista alikuwa ametulia, anatazama mlima.

Mpira wa maji ukamponyoka. Miguu yake, haki ya Mungu, ilishageuka kuelekea getini.

Akipiga kelele, mama atashtuka, atakanyaga. Akienda kuita watu, mama anaweza kuishusha fimbo palepale. Na nyoka huyo nani kamjengea nyumba? Severin akaomba Mungu amwondoe yule mdudu. Mdudu hakuondoka.

Akaanza kuzunguka bwawa polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Mvua huku mmepata?"

"Tumepata kidogo."

"Na migomba yenu?"

Salamu za ukweni hazikatizwi, basi Severin alijibu moja baada ya nyingine, akisogea, macho kwenye ule mkia. Sauti ya mama ilikuwa ndogo, na fimbo ameilaza mapajani.

"Mama, nisamehe," alisema alipofika. "Nakuja kukubeba."

Bi Felista hakuuliza sababu. Alinyoosha mikono tu. Severin akapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, akamnyanyua. Mkia ukasogea. Akarudi kinyumenyume, kisigino kikateleza ukingoni, nusura watumbukie wote wawili, na hakuna kati yao anayejua kuogelea. Alimfikisha barazani akamketisha kwenye kiti. Ndipo akapiga kelele: nyoka!

Rogers na wenzake wakaja na marungu, wakabomoa benchi jiwe moja moja, wakamuua nyoka. Severin alikuwa amekaa sakafuni, hathubutu hata kumtazama mkwewe baada ya kumgusa mwili mzima.

"Mama, kwani hukumwona?" Editha aliuliza.

"Nilimwona. Alinipita juu ya mguu."

"Sasa mbona hukuita?"

Bi Felista alifunga khanga yake, ikalegea, akaifunga tena.

"Nje kulikuwa na Severin peke yake," alisema. "Niliogopa nikitaja nyoka, atakimbia aniache."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Severin wakingoja abishe, naye aliinamisha kichwa, maana asingeweza kuapa kwamba mama alikosea.