Jina la Kanga

Alikuwa msichana muuza kanga katika duka la ushirika, Mchafukoge, na maneno aliyaachia kanga zenyewe. Alitandaza doti mezani kwa mikono yake myembamba, akalaza kidole chini ya jina, akangoja mteja asome. Mimi nilikuwa nyumbani Magomeni kwa likizo ya Krismasi. Kila siku nilipanga foleni pale bila haja ya kanga, nikiwahutubia akina mama juu ya walanguzi na umoja wa wanyonge. "Ndugu mhubiri," aliniambia siku moja, macho yake kwenye kitambaa, "hata redio huzimwa." Akina mama wakacheka. Yeye alitabasamu akiwa ameinama. Siku ya mwisho ya likizo nilimnunulia mama doti moja. Aliichagua yule muuzaji, akalaza kidole chini ya jina, nami nikaendelea kuhutubia. Akagonga kidole mara mbili. Nikaikunja bila kuisoma, nikaondoka.

Barua ya mama ilinifikia chuoni: "Mwanangu, kanga hii si ya mama. Imeandikwa *Maneno sina, moyo ninao*. Nani kakuchagulia?" Nilitaka kumwandikia muuza kanga usiku uleule, nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwuliza jina lake. Niliporudi mwezi wa sita nilipanga foleni kimya, katika manyunyu. Mikono ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa na hina ya bibi harusi hadi viwikoni, imeanza kufifia.

"Leo ndugu huna hotuba?" akauliza.

Niliinama, nikasoma jina la kanga iliyotandazwa mezani.