Sinema ya Ubaoni

Miaka ya tisini, ukitaka kujua banda la video la mzee Mihayo pale Mabatini linaonyesha nini, uliutazama ubao mlangoni, na ubao huo ulichorwa na Truphosa. Binti huyu alitoka Shirati kuja kukaa na shangazi yake Rozina, muuza mitumba, akiwa na cheti cha darasa la saba na mkono usiotulia bila kuchora. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, deki za video na televisheni zikaingia mjini, na kila mwenye banda alitaka picha ya kuvutia watu.

Sinema zenyewe Truphosa hakuziona kabla ya kuzichora. Alisimuliwa na Luhaga, mtafsiri wa banda, aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti akiwatilia Wahindi na Wachina Kiswahili kinywani. Luhaga alikuwa mwongo mwenye kipaji. Nusu alisimulia, nusu alitunga, na Truphosa alichora yote, tena akaongeza ya kwake.

Siku moja akamchora mama mwenye furushi kichwani, amesimama kwenye gati la kivuko, amemzuia mwanamume asipite. Banda likajaa. Sinema ilipokwisha, watu walitoka wakinung'unika, maana mama huyo hawakumwona hata kivuli.

"Binti, unawachorea watu sinema ambayo haipo," mzee Mihayo alimwambia.

"Basi nitaitengeneza, mzee."

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Itengeneze. Nitakupa Jumapili moja. Watu wakitoka katikati, urudi kwenye rangi zako na habari za sinema nisizisikie tena."

Mwingine angeona ametaniwa. Truphosa aliona amepewa Jumapili, na mimi nasema aliona sawasawa.

Alikwenda kwa Jonathan, mpiga video za harusi, akamchorea ukuta mzima wa mbele ya studio, maharusi na keki yao. Naye Jonathan akamwazima kamera siku za katikati ya wiki. Mashine ya kukata na kuunganisha mkanda hawakuwa nayo, kwa hiyo kinachopigwa kwanza ndicho kitakachoonekana kwanza. Hilo halikumtisha mtu aliyezoea kuchora kwa rangi isiyofutika. Kila picha aliichora kwanza kwa chaki kwenye plaiwudi, akawasimamisha watu kama ilivyo kwenye mchoro, ndipo akabonyeza.

"Shangazi, usiitazame kamera."

"Nisiitazame vipi, nayo inanitazama?"

Rozina ndiye aliyekuwa mama. Katika hadithi, mama anavuka ziwa kwa kivuko kwenda Busisi kumrudisha bintiye aliyeolewa na mtu mwepesi wa kupiga. Wanaporudi upande wao wa Kigongo, mkwe anawafuata hadi gatini, na hapo mama anamwambia yote. Siku waliyoipiga picha hiyo, Rozina alisema mpaka abiria wakatua mizigo chini wasikilize. Truphosa alirudi nyumbani akiimba.

Ijumaa jioni akautazama mkanda kwa Jonathan. Picha zilikuwa nzuri. Lakini pale gatini upepo wa ziwa ulikuwa umekula kila neno; midomo ilicheza na televisheni ikavuma tu. Kurudia hakukuwezekana, kwani kamera ilikwishaondoka kwenda kwenye harusi Kisesa, na Jumapili ilikuwa kesho kutwa.

"Niachie mimi," Luhaga alisema. "Nitamsemea mama."

Ilimuuma Truphosa, ilimuuma kweli. Katika sinema zote za dunia alitaka hii moja tu isimhitaji Luhaga. Lakini bila maneno yale watu wangetoka, na wakitoka, ndoto yake ndiyo imeishia hapo.

"Pale gatini tu," akasema. "Kwingine kote usifungue mdomo."

Jumapili banda lilijaa mpaka madirishani. Luhaga alikaa kimya na kipaza sauti mapajani, kama mgeni. Truphosa alisimama ukutani karibu na shangazi yake. Watu walicheka mahali pa kucheka. Kisha kivuko kikafika Kigongo. Mama akachukua furushi la bintiye akalitwika kichwani mwake, akamgeukia mkwe, akanyoosha kidole. Ilikuwa ile picha ya ubaoni yenyewe, sasa inatembea. Upepo ukaanza kuvuma ndani ya televisheni.

Luhaga akainua kipaza sauti. "Mama anasema..."

"Luhaga, nyamaza," alisema mwanamke mmoja nyuma. Alikuwa Suzana, muuza uji wa stendi. "Tunasikia."

Kisha Suzana huyo huyo akamwambia yule mkwe wa kwenye kioo, polepole, "Nilikupa mwanangu. Sikukupa ngoma ya kupiga."

"Mwambie," akadakia mwingine.

"Mwulize alimtoa wapi," akasema wa tatu, na maneno yakaendelea benchi hadi benchi, kila mtu na la kwake, huku midomo ya Rozina ikicheza. Hakuna aliyetoka.

"Mimi hayo sikuyasema," Rozina alimnong'oneza Truphosa. "Yao ni makali kuliko yangu."

Truphosa alikuwa analia kwa furaha na hakujali nani anamwona. Alimtazama Luhaga. Luhaga akaweka kipaza sauti juu ya deki, akamsogeza mtu kwenye benchi la mbele, akaketi kutazama kama wengine.