Kunywa Chai Kwanza Ndipo Ukimbie

Ile siku nilipogombana na sanamu la dukani naikumbuka kama ya jana, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu nimesikia na wewe umeambiwa una kisukari na umeshanunua raba.

Wakati huo sijawa bibi wa mtu. Nilikuwa na miaka arobaini na kidogo, mwili umejaa, mdomo mkali kuliko sasa. Daktari alishanianzishia sindano za kisukari, lakini nyumbani sikumwambia mtu. Nilikuwa naona aibu. Pale Mchafukoge tulikuwa na kikundi cha akina mama cha kukimbia kila Jumamosi asubuhi, fulana za kijani, kanga kiunoni, na nyimbo. Humo alikuwemo Zuhura, mke mwenzangu, bi mdogo. Zuhura mwembamba. Zuhura anakimbia huku anapiga soga. Nikaapa Jumamosi ile lazima nimwache nyuma watu wakitazama.

Sasa sikiliza ujinga. Nilijidunga sindano yangu kama kawaida, halafu nikaacha kunywa chai ili niwe mwepesi. Kipimo cha sukari kimo kabatini, sikukigusa.

Mpaka tunaingia Kariakoo nilikuwa mbele. Nikamgeukia Zuhura, "Vipi mama, nikuitie bajaji?" Kikundi kizima kikacheka. Kufika kwenye maduka ya nguo, kijasho chembamba kikanitoka, mikono inatetemeka, moyo unadunda. Nikajisemea ndiyo mazoezi haya. Nikaongeza mwendo.

Nje ya duka moja alisimama mwanamke kavaa dera jekundu. Nikamsalimu. Kimya. Nikarudia. Kimya.

"Unanidharau kwa dera hilo? Mimi langu la kupikia lina marinda kuliko hilo!"

Nikamkamata mkono nimfundishe adabu, mkono ukachomoka nikabaki nao.

Lilikuwa sanamu la kuonyeshea nguo. Mwenzetu mmoja akasema nimepandwa na mashetani, aitwe shehe anisomee. Mwenye duka yeye alitaka mkono wake tu. Mimi ulimi mzito, kila mtu namwona wawili. Hata Zuhura wawili, na mmoja alikuwa ananitosha.

Bi Mwanaidi, mzee aliyekuwa anauza chai na vitumbua pale pembeni, akaacha buli lake akaja kunishika kiganja.

"Huyu hana shetani. Marehemu mume wangu alikuwa hivihivi. Wewe, unajidunga sindano?"

Nikamtazama Zuhura, nikajifanya sijasikia. Kufa nakufa, mwanangu, na bado naogopa Zuhura asije akajua!

"Unajidunga hujidungi?"

"Najidunga."

Akakoroga sukari nyingi kwenye kikombe cha chai. Nikaziba mdomo. "Sitaki! Daktari kanikataza sukari!"

"Daktari wako hajakukuta unapigana na midoli. Sasa sukari imekushuka. Kunywa!"

Zuhura ndiye aliyenishika kichwa. "Kunywa, bi mkubwa. Ukifa, yule mzee utaniachia mimi peke yangu. Nitamweza?"

Nikanywa. Baada ya kama robo saa Zuhura akawa mmoja. Bi Mwanaidi akanipa vitumbua viwili, na maneno yake yakafuata.

"Unawaficha maradhi watu unaokimbia nao. Wangekufukiza ubani mpaka ukate roho."

Nikamrudishia mwenye duka mkono wake.

Basi kimbia, mwanangu, tena usiache, maana mazoezi ndiyo yamenifikisha hapa. Ila kabla ya kutoka pima sukari yako na ule. Dawa za siku ya mazoezi muulize daktari, usijipangie mwenyewe. Mfukoni weka pipi au juisi, na ukianza kutetemeka simama hapohapo uitumie, usione haya. Vaa soksi na kiatu kinachokutosha, ukirudi tazama nyayo zako, kidonda cha mguu kwetu sisi hakina mzaha. Kubwa kuliko yote, mwambie mtu unayekimbia naye, hata kama humpendi. Mimi wangu nilikuwa simpendi. Mwambie pia kwamba ukizimia asikutie kitu mdomoni, akukimbize hospitali.

Mungu akufikishe uzeeni na macho yako yote mawili na vidole vyako vyote kumi vya miguu, na asikukoseshe mtu wa kukugombeza. Amin.