Kiungo nilichojifunza kwa kuvunja dawati la shule

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Goma. Mvua imeanza, watoto wamerudi shule, na mimi nimerudi na jambo langu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, siyo rafiki ya rafiki. Sitaongeza chumvi. Mtanisamehe Kiswahili changu, kina Kifaransa ndani, ndivyo tunavyoongea huku.

Mimi ni seremala. Nimezaliwa Kiwanja, kando ya Rutshuru. Mtaani naitwa Papa Neema, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Twende taratibu.

Kuna shule moja upande wa juu wa mji, sitaitaja. Mwaka ule volkano iliposhuka, moto wake ulipita juu ya ile shule ukaimaliza yote, paa, vitabu, madawati. Wazazi wa mtaa hawakungoja mtu. Walijenga tena kwa mbao, palepale juu ya jiwe jeusi, na wakakubaliana kila familia ilete dawati moja, sisi tunasema pupitre, la watoto wawili. Chini yake familia inaandika jina lake kwa rangi.

Mimi wakati huo nilikuwa kwetu Kiwanja natengeneza vitanda. Sikujua lolote la hiyo shule.

Miaka ikapita, vita ikatufikia. Tulitoka kwa miguu, mimi, mke wangu, Neema, na mdogo wake mgongoni. Goma tukaambiwa tulale kwenye ile shule. Tukapewa kona katika darasa la tano, familia nane chumba kimoja.

Sasa asiyeijua Goma ataniuliza, kuni si unaokota tu? Unaokota wapi, ndugu yangu? Chini ni jiwe la volkano tupu. Makaa yanakuja kwa barabara ile ile ambayo vita ilikuwa imeifunga. Tuligawiwa maharage makavu, magumu, ya kupika nusu siku nzima. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo.

Siku ya tatu mdogo wake Neema akaacha kulia. Wazazi mnanielewa. Mtoto mwenye njaa akiwa analia unavumilia, akinyamaza ndiyo unaogopa.

Asubuhi hiyo nikageuza dawati moja juu chini. Limeandikwa kwa rangi ya bluu: FAMILLE RAMAZANI. Nilisoma vizuri. Sitasema hapa kwamba sikuona.

Nikachukua jiwe, nikapiga. Halikuachia. Nikapiga tena kwa nguvu zote, wapi! Mimi na mbao huwa hatuheshimiani sana, nikakasirika. Dawati gani hili la kiburi? Nikainama niangalie kiungo, pale mguu unaposhikana na ubao.

Hakuna hata msumari mmoja.

Mguu umeingia kwenye ubao kwa ulimi, ncha iliyochongwa kuingia kwenye tundu. Ulimi umepasuliwa kidogo kichwani, na ndani ya ule mpasuko imegongwa kabari ya mti mgumu. Hadi hapo ni kazi ya kawaida. Lakini hii kabari ilikaa mshazari, siyo wima kama tulivyofundishwa sisi wote. Ukilitikisa dawati, kabari inazidi kukaza. Maana yake watoto wakilichezea na kulirukia, ndiyo linakuwa zima zaidi. Nimefanya hii kazi tangu ujana wangu na sikuwahi kuwaza kitu kama hicho.

Nilikaa chini nikishangaa. Mke wangu akaniita, "Papa Neema, unaangalia nini? Batoto bako hapa!"

Nikachomoa kabari moja moja kwa ncha ya kisu. Nikalifungua vile fundi wake alivyolifunga, kinyumenyume, polepole. Kisha nikalipasua, nikalichoma lote. Maharage yakaiva. Tukala, tukagawia na majirani.

Haya, tuendelee.

Mambo yakatulia kidogo, shule ikarudishiwa watoto, sisi tukatoka. Nikapata kazi kwenye karakana moja Katindo, tukapanga nyumba ya mbao. Na shule ya karibu kuliko zote ni ipi? Ile ile. Nikamwandikisha Neema. Kwenye fishi yake, fomu ya kujiandikisha, palikuwa na mstari wa kazi ya baba, nikajaza seremala. Tulilala wapi zamani, hawakuuliza, na mimi sikusema.

Ikaja rentrée, siku shule zinafunguliwa. Tangazo likabandikwa mlangoni: kila mtoto aje na kiti chake, madawati hayatoshi. Chini yake, habari za baada ya masomo: Kiingereza Jumatatu, mpira Jumanne, Alhamisi kushona. Na wazazi wote tunaitwa mkutanoni.

Kwenye mkutano akasimama Mama Asha. Huyu mama anauza vitenge sokoni, babu zake walitoka Maniema, na akianza kuongea hata direkta wa shule anafunga mdomo.

"Bwana yangu alitengeneza pupitre na mikono yake, ile mwaka ya volkano," akasema. "Sasa alishakufa. Kila rentrée miye nageuza mapupitre yote ya hii shule, natafuta jina Ramazani. Hakuna. Bakimbizi balipikia. Sitaki kesi na mutu. Nataka tu kumuona huyo mutu na macho yangu."

Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma yake. Goma ni baridi wakuu, lakini jasho lilinishuka mgongoni.

Direkta akamtuliza. Akasema hao watu nao walikuwa na njaa, na sasa la maana ni watoto wasikae chini. Akatoa wazo lake: Jumatano na Ijumaa baada ya masomo, kuanzia darasa la nne, wavulana kwa wasichana wajifunze useremala, watengeneze madawati yao wenyewe. Halafu akavaa miwani, akachukua fishi moja.

"Papa Neema, hapa inaandikwa weye ni seremala."

Watu wakanigeukia, wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote ni Mama Asha.

Ningekataa vipi?

Tulianza na watoto kumi na wanne, Neema akiwemo. Na hapa niseme ukweli mwingine: nilijaribu kuwafundisha kiungo cha kawaida, nikashindwa. Nikishika patasi, mkono unarudi kwenye ile kabari ya mshazari. Kazi nzuri ukishaiona huwezi kujifanya hujaiona.

Siku moja Salama, kitindamimba wa Mama Asha, akaniuliza, "Papa Neema, hii ni nani alikufundisha?"

Nikajibu bila kufikiri, "Ni muzee mumoja, kule Kiwanja."

Uongo ulitoka mwepesi kama kupiga chafya.

Kila mtoto alianza na kigoda kidogo cha kupeleka nyumbani. Salama akapeleka chake Ijumaa. Jumatano iliyofuata namwona Mama Asha anaingia uwanjani, kigoda mkononi, miguu juu. Hakunisalimia.

"Papa Neema. Hii kiungo ni ya bwana yangu."

Nikaweka patasi chini.

"Nilikaa na ule mutu miaka makumi mbili, najua mukono yake. Salama anasema ulifundishwa Kiwanja. Ni kweli?"

Watoto wote walikuwa wamesimamisha misumeno, wananiangalia.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaweka kigoda chini, akakikalia, akaanza kulia na kucheka pamoja. Kumbe marehemu alikuwa anaenda Kiwanja kununua mbao! "Siku moja alirudi, akaniambia kule kuna kijana anashika kazi haraka. Ni weye! Sikujua aliacha mutu!" Akanishika mikono yote miwili. Mikono ile ile.

Jamani. Ningetaka ardhi ipasuke, na huku kwetu inajua kupasuka kweli.

Wiki hiyo akatuletea nyumbani sombe, majani ya muhogo, na samaki wa soko la Kituku. Akawaambia ndugu zake wote. Akaniambia Jumapili kuna kisomo cha kumuombea marehemu, na mimi, mwanafunzi wake, nitasimama niseme neno juu ya mwalimu wangu.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho. Akaosha sahani, akaifuta, ndipo akasema, "Ukienda kusema uongo kwa kisomo ya mufu, utaenda peke yako. Na ukirudi, utanikuta kwa mama yangu."

Nilijitetea. Nikasema, yule mama amepata furaha, nikisema ukweli namnyang'anya. Hilo nalitafakari hadi leo, siyo kisingizio tu. Lakini pia nilikuwa na woga wangu wa kawaida: Neema atafukuzwa, mtaa mzima utanijua kwa jina la mkimbizi aliyechoma dawati, atelier, karakana yetu ya watoto, itafungwa.

Jumapili asubuhi, kabla wageni hawajafika, nikaenda peke yangu. Nilimkuta Mama Asha uani anachagua mchele kwenye sinia.

"Mama Asha," nikasema, "sikumujua bwana yako. Sikumuona hata siku moja."

Akaendelea kuchagua.

"Ile pupitre yenu, ni miye nilivunja. Tulikuwa tunalala darasa la tano. Kiungo nilijifunza wakati nilikuwa navunja."

Vidole vikasimama juu ya mchele. Jogoo wa jirani akawika, akawika tena. Nilitamani anitukane, ningejua pa kusimama.

Mwishoni akauliza, bila kuniangalia, "Ulipika nini?"

"Maharage."

"Iliiva?"

"Iliiva, mama. Ilikuwa muti ya muzuri."

"Batoto balikula?"

"Balikula. Na ba jirani pia."

Akachagua punje moja, akaitupa. Nyingine, akaitupa.

"Alikuwa anasema batoto hawataweza kuivunja hata bafanye nini," akasema.

"Hawakuvunja, mama. Ni mutu mukubwa."

Hapo akalia. Siyo kama siku ile ya kigoda, hii ilikuwa ya kimyakimya, machozi yanaanguka kwenye mchele. Na mimi nililia, sioni aibu kuandika.

Akajifuta na kitenge. "Toka sasa. Utarudi na bale bengine. Na utasema vile umenisemea, mbele ya bote."

Nikarudi, mke wangu yuko pembeni yangu. Baada ya dua nikasimama, nikasema yote, tangu mvua hadi "ndiyo, mama". Mdogo wake marehemu akainuka, akatoka nje bila kuvaa viatu vizuri. Hadi leo hanisalimii, na simlaumu. Wengine wakaniangalia tu.

Mama Asha akapakua pilau, akaniletea sahani kwa mkono wake.

"Kula," akasema. "Ulimaliza kula pupitre, pilau itakushinda?"

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wamekunja uso. Halafu akasema kitu nilichokishika hadi leo. Kwamba bwana yake alikufa hajapata mtu wa kurithi kazi, watoto wake wote ni wa kike, na wakati ule aliona hawafai kwa patasi. "Sasa Salama anaijua," akasema. "Imepita njia ya mubaya, lakini imefika."

Neema hakufukuzwa. Direkta alinikaripia dakika kama tano hivi, akaniuliza madawati mangapi yatakuwa tayari kabla ya Noeli.

Mama Asha aliweka sharti moja tu. Kila kundi jipya likianza, siku ya kwanza kabla ya kushika msumeno, niwaambie watoto kiungo kimetoka wapi na nilikipataje. Nafanya hivyo. Matokeo yake sina heshima tena kwenye hiyo atelier. Nikichelewa kidogo, wananipokea mlangoni kwa sauti moja: "Papa Neema, maharage iliiva?"

Nilichojifunza? Uongo wangu haukuwa wa kujinufaisha sana, na hata ulimfurahisha mtu. Lakini ulikuwa umemfuta marehemu kwenye kazi yake, ukaniweka mimi na muzee asiyekuwepo. Kuchoma dawati nilikuwa na sababu. Kumwibia mtu mkono wake sikuwa nayo.

Kwa walio Goma, haya ndiyo matangazo: atelier bado inapokea watoto, Jumatano na Ijumaa, kuanzia darasa la nne. Hata kama mlifika juzi na mnalala kwa watu, mlete mtoto. Hakuna anayeulizwa alipika kwa kuni gani.

Jana nilipita dirishani mwa darasa la tano. Neema na Salama wamekaa kwenye dawati moja, walilolitengeneza wenyewe. Chini limeandikwa FAMILLE RAMAZANI, kwa rangi ya bluu. Walikuwa wanalitikisa makusudi, mwalimu anawakataza. Nikapita zangu. Nilijua ndani kabari inakaza.

Nimemaliza, uwanja ni wenu. Wa kunitupia mawe atupe tu, Goma mawe hayajawahi kutupungukia. Ila mwenye ubao, naomba alete ubao.